Kipimo cha Njia ya Miguu

Katika hospitali tunapima vitu vingi. Mtoto akifika, tunampima kilo. Mtu mwenye homa tunampima joto. Mama mwenye mimba tunampima damu na kupima tumbo lake. Hatusemi tu, "Mtu huyu anaonekana mzima." Tunapima, kwa maana macho hudanganya.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hatukipimi mara nyingi, ingawa kinaweza kumzuia mgonjwa asitufikie hata kidogo. Kitu hicho ni njia.

Tuseme mama wawili wanakaa katika mji mmoja, nao wote wawili wana mimba ya miezi minane. Ukipima juu ya karte kwa mstari ulionyoka, kila mmoja anakaa meta 800 kutoka kituo cha afya. Mama wa kwanza anafuata njia kavu ya meta 1,000. Anatembea polepole, anafika kwa dakika 20.

Mama wa pili anakuta ukuta mrefu wa kiwanda mbele yake, basi anauzunguka. Halafu anakuta mtaro mpana usio na daraja, anauzunguka nao. Mwisho anakuta barabara kubwa ya kamyo, anasimama jua kali akingoja fasi ya kuvuka. Njia yake ni meta 2,000, nayo inamchukua karibu saa nzima. Siku ya mvua haipitiki.

Mama huyu wa pili alikuja mara moja tu. Katika kitabu cha kituo tuliandika neno moja: "Hakurudi." Labda tulisema moyoni kwamba yeye ni mvivu, au hajali mtoto wake. Lakini hakuna mtu aliyekwenda kupima njia yake.

Somo hili linafundisha namna ya kuipima.

1. Kwa nini njia ni neno la afya

Kwanza, kutembea ni chakula cha mwili. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS), katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema mtu mzima anapaswa kuutumikisha mwili wake kwa nguvu ya katikati dakika 150 hata 300 kila juma. Kutembea kwa haraka kidogo ni kazi ya namna hiyo, na kupanda baiskeli (kinga) vilevile. Dakika 30 kwa siku, siku tano za juma, ni dakika 150 kamili. Mtu anayefanya hivi anasaidia moyo wake, naye anapunguza hatari ya ugonjwa wa sukari na ya damu kupanda. Magonjwa haya si ya Ulaya tu. Tunayaona katika miji yetu kila siku.

Pili, njia mbaya inaua. OMS ilihesabu ya kuwa mwaka 2021 watu karibu milioni 1 na 190,000 walikufa katika ajali za barabarani duniani pote. Zaidi ya robo yao walikuwa watu waliokwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Kwa watoto na vijana, tangu miaka 5 hata 29, hakuna kitu kinachoua wengi kuliko ajali hizi. Sisi tunaofunga mifupa iliyovunjika tunajua hesabu hiyo ina maana gani.

Tatu, njia ni mlango wa vitu vingine vyote. Chanjo iko, lakini ni nani anayeweza kuifikia? Shule iko, soko liko, bomba la maji liko. Kitu kisichofikiwa kwa miguu ni kama hakipo kwa mtu asiye na nauli.

2. Walipima mbu, hawakupima mtu

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, nao uliitwa Élisabethville hata mwaka 1966. Wabelgiji walichora barabara zake kwa mistari iliyonyoka. Lakini kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, unaoitwa leo Kamalondo, waliacha fasi kubwa tupu isiyojengwa. Katika Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, walifanya vilevile.

Sababu moja waliyoitoa ilikuwa ya afya. Walisema mbu aliyemwuma mtu mwenye malaria upande mmoja asiweze kuruka hata kumwuma Mzungu upande wa pili. Sababu nyingine ilikuwa kutenga watu kwa rangi yao. Basi walipima mwendo wa mbu. Mwendo wa mtu hawakuupima. Mpishi, mfuaji, mfanyakazi wa bustani na mwenye kuchunga watoto, wote walivuka fasi ile asubuhi na tena jioni, kila siku ya kazi, na wengi wao kwa miguu.

Utawala ule ulikwisha mwaka 1960. Lakini tusiwacheke sana watu wale, kwa sababu nasi tunafanya kosa la namna hiyo. Barabara ikitengenezwa, watu huuliza: Motokari ngapi zitapita? Zitapita kwa mbio gani? Ni maulizo mazuri. Lakini nani anauliza: Bibi mwenye fimbo atavuka kwa sekunde ngapi? Mtoto wa miaka saba ataona nini akisimama nyuma ya kamyo iliyoegeshwa? Kitu tunachokipima ndicho tunachokitengeneza. Kitu tusichokipima tunakisahau.

3. Vitu vitano vya kupima

Huhitaji chombo cha bei kali. Leta kamba ya meta 10, saa yenye mshale wa sekunde au simu, daftari na kalamu. Tena mlete mtu mmoja asiye na nguvu nyingi, kama mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni. Huyu ndiye kipimo chako cha kweli. Njia inayomfaa yeye itamfaa kijana pia, lakini njia inayomfaa kijana haimfai kila mtu.

(a) Urefu wa kweli. Pima meta 100 kwa kamba yako, mara kumi. Tembea hapo kama kawaida yako, uhesabu hatua. Sasa unajua hatua zako ngapi ni meta 100, na mwili wako umekuwa kamba. Tembea toka nyumba hata kituo cha afya kwa njia ambayo watu wanaifuata kweli, uandike meta. Halafu tafuta juu ya karte, au katika simu, urefu wa mstari ulionyoka. Gawanya urefu wa njia kwa urefu wa mstari. Kwa mama wa kwanza, 1,000 kwa 800 ni 1.25. Kwa mama wa pili, 2,000 kwa 800 ni 2.5. Katika mtaa wa barabara zilizokatana mraba, zisizozibwa, hesabu hiyo haipiti sana 1.4. Ukipata 2 au zaidi, ujue kuna kizuizi. Kitafute. Mara nyingi ni ukuta mmoja tu, au mtaro mmoja usio na daraja.

(b) Dakika. Mtu mzima mwenye nguvu anakwenda karibu kilometa 5 kwa saa, ni kusema meta 80 na kidogo kwa dakika. Mama mwenye mimba kubwa, au mtu mwenye mzigo, labda anakwenda meta 50 kwa dakika, au chini yake. Kwa hiyo usiandike meta peke yake. Andika dakika za yule asiye na nguvu. Pima asubuhi, na tena siku ya mvua. Njia moja inaweza kuwa na dakika 20 wakati wa kiangazi na dakika 50 wakati wa masika.

(c) Kuvuka. Hapa ndipo kifo kinapokaa, basi tutakaa hapa kidogo.

Tuseme barabara ina upana wa meta 12. Mtu mwenye nguvu anaivuka kwa sekunde 10. Mzee anayekwenda meta 8 kwa sekunde 10 anahitaji sekunde 15. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita karibu meta 17 kila sekunde. Katika sekunde 15 za yule mzee inakuja meta 250! Basi mzee akitaka kuvuka bila hatari, motokari iwe mbali zaidi ya meta 250. Ni macho ya nani yanaweza kupima vema mbio ya motokari iliyo mbali hivyo? Motokari ikienda kilometa 30, umbali huo unapungua kuwa meta 125.

Kusimamisha motokari ni neno jingine. Dereva anapoona mtu, sekunde nzima inaweza kupita kabla mguu wake haujakanyaga breki. Katika mbio ya kilometa 30, motokari yenye breki nzuri juu ya barabara kavu inasimama baada ya meta 13 hivi. Katika mbio ya kilometa 60, inasimama baada ya meta kama 37. Hapana mara mbili, bali karibu mara tatu. Ndiyo sababu waganga na mafundi wa barabara katika nchi nyingi wanaomba mbio isipite kilometa 30 kwa saa, pale watu na motokari wanapochanganyika.

Basi simama kando ya barabara, usiingie katikati. Pima mambo matatu: watu wanangoja sekunde ngapi kabla ya kuvuka, wanavuka kwa sekunde ngapi, na ni wangapi wanaokimbia. Mtu anayekimbia ni alama ya ugonjwa wa njia, sawasawa na joto lilivyo alama ya homa. Kisha uchutame hata macho yako yawe sawa na macho ya mtoto. Unaona nini? Labda unaona magurudumu na meza za wachuuzi tu.

(d) Kando ya njia. Je, kuna fasi ya mtu kutembea bila kushuka katika barabara ya motokari? Katika kila meta 100, hesabu mara ngapi analazimishwa kushuka, na uandike sababu: shimo, mtaro wazi, takataka, mchanga, pikipiki zilizosimama, meza ya biashara. Tazama kivuli. Tazama taa, kwa sababu muuguzi wa zamu anarudi usiku, na utungu hauchagui saa. Mtu wa kiti chenye magurudumu anaweza kupita? Uliza wanawake wa mtaa fasi gani wanaogopa kupita. Hofu nayo hufunga njia, ijapokuwa haionekani juu ya karte.

(e) Watu. Keti fasi moja saa nzima, ukichora msitari kwa kila mtu anayepita: wanaume, wanawake, watoto, wazee, wenye fimbo, wenye baiskeli. Fanya hivyo siku ya soko na siku nyingine. Halafu jiulize: Nani hayumo? Kama katika mtaa wenye wazee wengi huoni mzee hata mmoja njiani, usiseme, "Wazee hawapendi kutembea." Sema, "Njia imewafungia nyumbani."

Kazi hii ya kuhesabu si mchezo. Katika Copenhagen, mji mkubwa wa Denmark, barabara kubwa ya maduka iitwayo Strøget ilifungwa kwa motokari mwaka 1962. Wafanyabiashara wengi waliogopa. Lakini mwalimu wa ujenzi Jan Gehl na wenzake walikwenda kuketi pale na kalamu, wakahesabu watu waliotembea na waliokaa. Waliendelea kuhesabu miaka mingi. Kwa sababu ya hesabu ile, wakubwa wa mji waliweza kuona watu wa miguu, sawasawa na walivyoona motokari zamani.

4. Usisahau baiskeli

Nchi yetu inakwenda kwa miguu na kwa magurudumu mawili. Wanaume wanaleta makala Lubumbashi toka porini, magunia yakiwa marefu kuliko wao, wakisukuma baiskeli. Kisangani ilijulikana kwa toleka, baiskeli yenye kiti laini nyuma cha kuchukua abiria. Goma inajulikana kwa chukudu ya mbao, inayobeba viazi na mbao na maji.

Tufanye hesabu. Kwa dakika 10 mtu wa miguu anafika meta 800 na kidogo. Mwenye baiskeli, akienda kilometa 15 kwa saa, anafika meta 2,500. Huo ni umbali mara tatu. Lakini mji haukai juu ya mstari mmoja. Unakuzunguka pande zote. Basi fasi anayoweza kuifikia ni mara tatu kwa tatu, ni kusema mara tisa. Masoko, shule na vituo vya afya vilivyo ndani ya eneo hilo vinakuwa jirani zake.

Hii ni kweli kama njia inamruhusu. Kwa hiyo pima kwa ajili yake pia: Je, ana fasi yake, au anabanwa kati ya kamyo na mtaro? Kilima kina urefu gani? Akifika, baiskeli ataifunga wapi isiibiwe? Hospitali yenye uwanja wa motokari tano, isiyo na nguzo moja ya kufungia baiskeli, imekwisha kusema ni nani inayemngoja.

5. Walipima, ndipo wakaponya

Mtu atasema, "Kupima kutatusaidia nini? Hatuna feza." Tutazame Dar es Salaam, katika Tanzania. Huko shirika liitwalo Amend lilianza kazi na shule za watoto wadogo. Halikuanza kwa kumwaga simenti. Lilianza kwa kuuliza nyumba kwa nyumba: Mtoto gani aliumizwa barabarani? Wapi? Alikuwa anakwenda wapi? Hivyo lilijua ni shule zipi zenye hatari kubwa, na ni fasi gani ya njia inayoumiza.

Dawa zake zilikuwa nyepesi: njia ya kando ya kutembea, matuta ya kupunguza mbio (dodane), mistari myeupe ya kuvukia, alama za barabara. Mahali pengine mlango wa shule ulihamishwa tu, ili watoto wasitokee katika barabara kubwa. Na watoto walifundishwa kuvuka. Kisha shirika likapima tena, likilinganisha shule zilizotengenezwa na shule ambazo hazijatengenezwa. Habari iliyotangazwa mwaka 2019 ilionyesha ya kuwa ajali za watoto zilipungua karibu robo.

Angalia mpango wao: pima, tibu, pima tena. Ni mpango uleule wa mganga kitandani pa mgonjwa.

6. Karatasi ya alama

Mkiisha kupima, ipeni njia alama. Kwa kila kitu kimoja kati ya vile vitano, toa 2 kama ni vizuri, 1 kama ni vibaya kidogo, 0 kama ni vibaya sana. Jumla kubwa ni 10.

Lakini angalieni! Msifurahie jumla tu. Njia yenye 8, na 0 katika kuvuka, ni njia mbaya. Ndoo yenye tundu moja haichoti maji, hata kama upande mwingine wote ni mzima. Basi tafuteni 0 kwanza, mtengeneze hapo.

Mambo mengine mnaweza kuyafanya wenyewe siku ya salongo: kuziba shimo, kuondoa takataka, kuweka mbao imara juu ya mtaro, kufyeka majani yanayoficha kona. Mengine yanahitaji mkubwa wa komini: matuta, taa, daraja, mlango katika ukuta wa kiwanda. Msimwendee na maneno ya "njia yetu ni mbaya." Kila mtaa husema hivyo. Mpelekeeni karatasi: "Kwa saa moja watu 340 walivuka hapa. Kati yao 95 walikimbia. Watoto walikuwa 120. Mzee mmoja alingoja dakika nne." Hesabu hizi ni mfano tu, zenu mtazipata wenyewe. Mkubwa anaweza kubishana na maneno. Ni vigumu kubishana na hesabu iliyofanywa mbele ya mtaa wote.

Baada ya miezi sita, pimeni tena.

Na sisi wa hospitali tuna kazi yetu. Tunapoandika "Hakurudi" katika kitabu, tusifunge kitabu. Mmoja wetu achukue kamba na saa, aende hata nyumbani kwa mama yule, arudi naye kwa miguu. Labda tutakuta ya kuwa dawa aliyoihitaji kwanza ilikuwa mbao tatu juu ya mtaro.

Maulizo

1. Mama wawili walikaa umbali mmoja juu ya karte. Kwa nini mmoja tu alifika kwa dakika 20?
2. Toka nyumbani kwako hata kituo cha afya ni hatua ngapi? Dakika ngapi kwa bibi yako?
3. Kwa nini mtu anayekimbia akivuka ni alama ya ugonjwa wa njia?
4. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inahitaji meta ngapi kusimama? Inayokwenda 30 je?
5. Ni watu gani wa mtaa wenu usiowaona njiani? Nenda kuwauliza sababu.
6. Taja kitu kimoja ambacho darasa lenu linaweza kukitengeneza katika njia juma hili.